Anayesimama Kushoto kwa Jeancy

Colette alikuwa akimsuka mteja katika saluni yake ya mtaa wa Umbilo, kusini mwa Afrika, pale kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani alipompigia simu. Mwanawe Jeancy alisoma hukohuko Marekani, katika chuo kingine kidogo cha miaka miwili, na alicheza futboli ya Kimarekani kama mlinzi wa mstari wa mbele. Sasa kocha alitaka kumchukua kwa ufadhili kamili.

"Nimekutumia video, mama. Kijana wako anajua mpira utakwenda wapi kabla haujaguswa. Nani alimfundisha?"

Colette aliifungua. Kila wachezaji walipoinama kusubiri mpira uanzishwe, Jeancy aligeukia kushoto, pasipo na mtu, akasikiliza, kisha akaitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyokuwa akimsikiliza pacha wake Doudou, aliyekufa kwa homa njiani walipokimbia Kongo.

Alimpigia mwanawe palepale. "Jeancy, unaongeaka na nani uwanjani?"

"Na Doudou, mama," alijibu bila kushangaa. "Iko pale siku yote. Amekuwa mkubwa kunipita."

Kocha alipopiga tena, Colette alimwambia kweli kwamba aliyemfundisha ni ndugu yake pacha.

"Naye anacheza?" kocha akauliza kwa furaha. "Tunamtaka pia!"

"Mkimchukua Jeancy," alisema Colette polepole, "huyo atakuja mwenyewe."

Jeancy alihamia katika chuo hicho kikubwa mwezi Agosti. Chumba chake kina vitanda viwili, na kila aliyepangiwa kile cha kushoto ameomba kuhamishwa.