Fungu la Mchanga Lililoitwa Nyumbani

Droni ya Yudith ilizama Kigombe kwa sababu ya utii. Hilo lieleweke mapema, maana kijijini zimeshatolewa sababu nyingine tatu, mojawapo ikihusu jini wa baharini.

Chombo kile kina tabia moja. Kikipaa, kinakariri mahali kilipoondokea na kupaita nyumbani. Betri ikikaribia kwisha, hakiombi ruhusa, kinarudi hapo. Yudith, mtoto wa wakulima Walutheri wa Amani, alikirusha kutoka kwenye fungu la mchanga katikati ya mashamba ya mwani, maji yakiwa yametoka. Mzaliwa wa pwani haachi hata ndoo pale. Lakini milimani, ardhi uliyoiacha asubuhi unaikuta jioni. Maji yalipoanza kujaa, Yudith alisogea ufukweni. Droni hakuna aliyeiambia. Ilirudi kwa adabu, ikashuka taratibu juu ya nyumbani, ikaendelea kushuka. Yudith alibonyeza kila kitufe isipokuwa kile kimoja cha kuizuia isitue.

Karmali, mwenye duka la kamera Tanga mjini, aliizika kwenye mchele siku tatu ikauke, kisha akampigia Yudith simu.

"Mchele tumekula, mama. Umekolea chumvi vizuri. Droni, pole sana."

Mradi wa mwani uliomwajiri Yudith ukaleta nyingine. Ilikaa kwenye boksi juu ya kabati miezi mitano. Kazi yake ilikuwa kupiga picha mashamba kutoka juu, wanawake wajue ni wapi mwani unapauka kwa ugonjwa, wahamishie kamba za mwani kwenye kina kirefu. Ukiwa majini hadi kiunoni unaona shamba lako tu, na hilo nalo kwa shida.

Kila majira ya bamvua, maji yakitoka mbali, Bi Nasma, mwenyekiti wa kikundi, alikuja mlangoni.

"Shikamoo, Bi Nasma."

"Marahaba. Nyuki wetu anaruka leo?"

"Leo upepo."

"Upepo wa wapi? Kanga yangu haijatikisika tangu alfajiri."

"Juu upo."

"Umeujuaje, na hupandi?"

Wakawa wanahamisha kamba kwa kukisia. Mara mbili walikisia vibaya: waliondoa mwani mzima, wakauacha mgonjwa. Baada ya mara ya pili Bi Nasma aliingia bila hodi, akaweka juu ya meza konzi ya mwani mweupe kama uzi wa kushonea.

"Huu wangu," alisema, akatoka.

Kesho yake Yudith alishusha boksi. Alikwenda kwenye shamba la mkonge lililoachwa, asubuhi, akidhani haonwi. Aliiinua droni hadi magotini, akaishusha. Siku ya tatu ilifika kifuani. Siku ya saba ilikuwa bado kifuani.

"Kuku wangu wanaruka zaidi ya hapo," ilisema sauti nyuma ya mkonge. Bi Nasma alitokea, akatafuta mahali pasipo na miiba, akakaa. "Nikuulize. Siku ile nyuki alipozama, mashamba ulishayamaliza. Mimi nilikuwa majini, nakiona kinyuki chako kimeelekea bara, kimetulia tuli. Ulikuwa unatazama nini?"

Yudith alifuta kioo cha rimoti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Kwetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila alipomaliza kazi aliigeuza kamera magharibi, juu ya minazi na mkonge, na milima ya Usambara ikatokea kwenye kioo, bluu, midogo, ikienea kwenye kiganja. Nusu dakika, basi. Siku ile nusu dakika ilikuwa dakika sita.

"Nyumba unaiona?"

"Siioni. Mbali mno."

"Si uende? Gari la Amani lipo Muheza kila siku."

"Mama alipofariki, kaka yangu Eliudi aliuza. Aliyenunua amebomoa."

Bi Nasma alilitafakari hilo. Kwa umbali ule nyumba haionekani. Lakini na kutokuwepo kwake hakuonekani pia. Ni mpango mzuri, na unahitaji droni.

"Basi keshokutwa bamvua linaanza," alisema, akijipangusa. "Na nyumbani kwa huyo nyuki nitapachagua mimi."

Alipachagua juu kabisa ya ufuko, ambako hata maji ya mwaka wa mafuriko hayakufika. Alifudikiza beseni la plastiki liwe kiwanja cha droni, akasimama kando yake kama mlinzi wa benki. Wanawake wengine walikuwa tayari majini, wakitazama juu, na hakuna aliyetania, jambo lililomtisha Yudith kuliko matusi.

Droni ilipita magotini. Ikapita kifuani. Ikapita minazi. Mashamba yakatandaza mistari yake kwenye kioo, na kona ya kusini ikaonekana imepauka yote, ikiwemo kamba za Bi Nasma. Alitaja, Bi Nasma akapaza sauti, wanawake wakaanza kusogea huko, maji yakiwa bado magotini. Kazi ya miezi mitano ilichukua dakika kumi na moja.

"Imekwisha," Yudith alisema. "Naishusha."

"Betri?"

"Nusu."

"Geuza, basi."

"Hapana, Bi Nasma."

"Geuza, mwanangu. Mimi nahesabu mpaka thelathini. Ikifika, unarudi, na usiporudi nakupiga na beseni."

Yudith aligeuza. Minazi, mkonge, barabara, halafu pale ilipopaswa kuwa milima, wingu, zito na jeupe, limekaa kuanzia chini mpaka juu.

"Unaona?"

"Wingu."

"Na wewe litazame hilo hilo," alisema Bi Nasma, akaanza kuhesabu.

Alihesabu polepole sana. Kati ya kumi na tisa na ishirini alipata nafasi ya kukohoa na kufunga kanga upya. Yudith hakuondoa macho kwenye kioo. Thelathini ilipofika hatimaye, hakungoja droni ijirudie yenyewe: aliileta kwa mkono wake, ikatua katikati ya beseni.

"Kesho?" aliuliza.

"Bamvua bado lina siku tatu," Bi Nasma alisema, akishuka kwenda kwenye kamba zake. "Wingu halina mkataba wa kukaa hapo."