Mstari Kwenye Filamu

Chumba cha eksirei pale kiwandani Chang'ombe tulikijenga mie na mtaalamu mgeni, kwa ajili ya kuangalia kama chuma kina ufa ndani. Mgeni aliporudi kwao nikabaki na mashine peke yangu, mie niliyeishia darasa la nane. Nilichokuwa nacho ni daftari nililoandika maneno yake, na mengine sina hakika kama niliyaandika sawa.

Watu waliniogopa. Mchana nikikaa benchi hili na sahani yangu, wao wanahamia lile.

"Ndugu, usinisogelee, mie bado nataka watoto!" mmoja alisema, wakacheka wote.

Siwalaumu, hata mie niliiogopa ile mashine. Aliyekaa na mie ni mmoja tu, fundi mzee wa kuchomelea, mtu wa Lindi.

"Waache hao," alisema. "Mie nimeshazaa saba, itaniharibu nini?"

Siku moja nikapiga picha mshono wake kwenye tangi la mvuke. Filamu ikatoa mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Nikaandika: ufa. Ndivyo nilivyoona, ila labda nilitaka pia mashine yangu ionekane ina kazi. Asubuhi msimamizi akasoma mbele ya wafanyakazi wote kwamba kazi ya mzee imekataliwa. Mzee akaukwangua mshono, akachomelea upya. Nikapiga tena. Mstari uleule.

"Mikono imeanza kumtetemeka," msimamizi akasema. "Kesho apewe ufagio."

Nikaziweka zile filamu mbili moja juu ya nyingine. Mistari ikalaliana sawasawa. Sasa ufa gani unakwanguliwa halafu unarudi palepale? Nikafungua kasha la kuwekea filamu. Ndani yake mna bati laini la madini ya risasi linalogusana na filamu, na kwenye bati palikuwa na mkwaruzo wa ukucha, ndio uliojichora kwenye filamu. Wangu. Filamu huwa naitia humo gizani, kwa kupapasa. Mgeni alinionya nikate kucha, nisimsingizie.

Nikabadilisha bati, nikapiga mara ya tatu. Mshono ulikuwa safi.

Asubuhi nikaomba kusema. Nikaeleza yote mbele ya watu walewale, filamu mkononi.

"Kumbe mbovu ni kucha!" mtu akapiga kelele, kiwanda kizima kikacheka. Ufagio haukutajwa tena. Mzee hakucheka.

Mchana nikasogea kwenye benchi kumpa nafasi, kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alisimama na sahani yake. "Mashine yako siiogopi, mwanangu. Lakini siku ile ya kwanza, kabla hujapeleka karatasi kwa msimamizi, ulishindwa kuja kuniuliza?"

Tulikuwa tumekula pamoja siku ileile, naye alinimegea samaki wake. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu.

Mzee akaenda kukaa benchi la wenzake, nao wakabanana kumpa nafasi. Nilikula upesi, nikarudi chumbani, nikajifungia.