Gari Ambalo Sikulishukuru

Kaka yetu mkubwa alinipa gari lake wakati ule wa vita, kazini kwake walipompa la serikali. Yeye alikaa mtaa wa Ngagara, mimi mtaa wa Mutakura. Nakumbuka maneno yake, au nadhani nayakumbuka: "Chukua, nakugabia. Ufanye taksi, watoto wale." Mama alikuwa amekaa pale pale na sisi. Mtu mwingine hakuwepo.

Kugabia, yaani kumpa mtu kitu kiwe chake, kwetu ni neno la ng'ombe. Aliyegabiwa ng'ombe hurudi siku moja na pombe, na mtu wa kumsemea, akashukuru mbele ya watu. Tunaita gukura ubwatsi. Mimi sikurudi. Nyumba ya kaka ilijaa ndugu waliokimbia vita kutoka Kanyosha, mama akiwa mmoja wao, na wengine walikuwa wametoka kuzika. Niliona aibu kuingiza makreti ya pombe katikati ya watu wale. Tena nilijiambia gari si ng'ombe. Ndivyo nilivyojiambia, lakini huenda nilikuwa mvivu tu. Miaka miwili, karibu kila Jumapili, nilikwenda kwake, nikala, nikacheka, nikaondoka na gari. Karatasi zilibaki na jina lake na mimi sikuuliza.

Jumamosi moja mdogo wetu alikuja kwangu.

"Kaka, kesho unisaidie na gari. Niko na makreti tatu ya kupeleka kwa mukubwa. Nataka kumushukuru."

"Kumushukuru juu ya nini?"

"We si unajua yote amenifanyia?"

Nilijua. Alikuwa ametoka kuoa, na kaka ndiye aliyesimamia arusi yote. Kesho yake nilipakia makreti kwa mikono yangu. Njiani alinitania kwamba naendesha kama padri anayepeleka mayai.

Tulikuta watu wamekaa tayari. Jirani mmoja wa kaka, mzee anayejua kusema, ndiye aliyekuja kumsemea mdogo wetu. Alianza mbali, kama kawaida: ng'ombe, majani, maziwa. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akasema ng'ombe huyo yuko nje hapo, ni mweupe, ana miguu ya mipira. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nadhani, kabla sijaelewa.

"Kaka," nilisema, "ile gari si ulinipa mi?"

"Nilikuazima."

"Ulisema unanigabia."

"Kama nilikugabia, mbona hukukuja kushukuru? Miaka mbili nakungojea. Uyu amekuja."

Hakupaza sauti. Alionekana mtu aliyeumia kweli, na hilo lazima niliandike, maana sina hakika kwamba alikuwa anaigiza. Labda alikaa Jumapili zile zote akinitazama nakula, akingoja neno moja ambalo sikulisema.

"Basi twende pamoja kwa watu wa karatasi," nilisema. "Tuulize namna ya kubadilisha jina."

"Karatasi tulishabadilisha Ijumaa," mdogo wangu alisema, akiangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo jana ulipokuja kwangu ulikuwa unajua."

"Ningekuambia, ungekubali kubeba makreti?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka. Nikamgeukia mama.

"Mama, we ulikuwa pale. Alisema nini?"

Mama alimtazama kaka, akatazama mlango wa chumba alichopewa kulala.

"Ile siku ni ya zamani, mwanangu. Sikumbuke vizuri."

Sijui kama ni kweli hakumbuki. Mama alikuwa anakumbuka mpaka majina ya mbuzi waliobaki Kanyosha. Lakini alikula kwa kaka, alilala kwa kaka, na mimi nilikuwa na chumba kimoja na watoto wanne. Angesema alichosikia, usiku ule angelala wapi? Niliwaza hivyo pale pale, na sikupata nafuu.

Nilitoa ufunguo mfukoni. Sikumpa kaka wala mdogo wangu. Niliuweka kwenye mkono wa mama, nikamfunga vidole. Nilitaka aushike kidogo.

Aliupitisha palepale kwa mdogo wangu, bila kunitazama, kisha akaniuliza kama nimepata cha kunywa.