Mafuta ya Boti Ndani ya Tangi Langu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni mtu mzuri. Naanza hivyo kwa sababu nikianza na yaliyomo moyoni, mama atasomewa ukurasa huu na atalia. Ni mtu mzuri, ananipenda, na siku ile ningemkuta peke yake ningemng'ata.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya mbio, ya zamani, silinda nne zimepangana mbele kama meno ya mtoto. Iliachwa kwetu Palma, kaskazini ya Msumbiji, na mtumishi mmoja wa serikali aliyeletwa kutoka kusini, akahamishwa tena kabla hajaelewa kwamba mchanga wetu hauwataki watu wa mbio. Ilikaa nyuma ya nyumba aliyopanga mpaka kuku wakawa wanataga juu ya injini. Mwenye nyumba akaniambia, "Iondoe, nataka kupangisha watu wa gesi." Wakati huo gesi ilikuwa imegunduliwa baharini, na kila mwenye chumba alikuwa anakifagia akingoja mtu wa gesi. Nikaisukuma mpaka kwetu. Mtaa mzima ulinicheka na mimi nikacheka nao, kwa sababu kichwani mwangu ilikuwa imeshafika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na kurudi.

Shule niliishia klase ya saba. Yaliyobaki nilifundishwa na kutu. Chumvi ya pwani ilikuwa imeingia kila mahali, ikaota ukoko mweupe ndani ya kabureta zote nne. Vile vitundu vyake vidogo vya shaba ukivichokoa kwa waya unaviharibu, kwa hiyo nilivizibua kwa uzi wa nailoni wa mshipi, ule mwembamba wa kuvulia vidagaa, taratibu, huku nimebana pumzi. Gasketi nyingine nilizikata mwenyewe kwa kadibodi. Plagi nne nilimtuma mtu Mtwara, zikavuka mto Ruvuma ndani ya soksi. Na siku injini ilipokubali, nilichukua kipande cha mpira mwembamba, upande mmoja sikioni, upande mwingine kwenye mdomo wa kabureta, nikasikiliza kila moja inavyovuta hewa, nikakaza hapa, nikalegeza pale, mpaka zote nne zikavuma sauti moja. Nilimwita mama asikilize. Akasema, "Inavuma kama pango la bahari." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikafuta macho.

Watu wa gesi walikuwa wamejenga kambi nje ya mji, na kambi ilikuwa na karakana. Msimamizi wake, mtu wa kusini pia, alinikuta barabarani nikiijaribu. Akaizunguka, akaguna.

"Umeitengeneza wewe?"

"Mimi, shefe."

"Diploma unayo?"

"Sina."

Akaitazama tena. "Ilete getini Jumamosi, niisikilize ikiwa imelala usiku mzima, isiwe na joto. Ikiwaka vizuri nina nafasi moja. Moja tu."

Nilitembea hewani. Nilishajiona na ovaroli, nimeshamjengea mama jiko la bati, nimeshafungua karakana yangu, nimeshawafundisha vijana wa Palma nzima. Hivyo ndivyo nilivyo, nikipewa mbegu nakaa kivulini.

Ijumaa asubuhi, pikipiki haipo.

Sasa, kwetu mume wa dada ni mtani. Anaweza kukudokolea samaki sahanini, anaweza kuvaa kanzu yako ya Idi akaenda nayo msikitini mbele yako, na wewe kazi yako ni kucheka na kungoja zamu yako. Anayekasirika ameshindwa. Mimi mwenyewe nilishamfichia kitanda siku aliporudi safari, akalala chini na dada akacheka mpaka akakohoa. Kwa hiyo mama aliponiambia, "Shemeji yako kaichukua, kaenda Pundanhar kumpelekea shangazi yake samaki," alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Mama, kesho ni Jumamosi!"

"Huyo mtani wako. Cheka basi."

Alirudi alasiri akiisukuma, vumbi mpaka kwenye kope, yeye na mwenzake mmoja. Nikaisikia harufu kabla hawajafika. Harufu ya boti.

"Shemeji!" akapaza sauti kutoka mbali. "Nimemrudisha mke wako wa Kijapani. Lakini anakohoa huyu, umemwoa mgonjwa!"

Majirani wakacheka. Nikafungua kifuniko cha tangi.

"Umetia nini humu?"

"Gazolina. Iliniishia, nikamimina dumu langu la boti. Mafuta mazuri yale, nimeyachanganya mwenyewe na oili, hayana hata tone la maji."

Yeye alikuwa akiendesha boti za kupeleka mizigo kisiwani Vamizi. Mashine za boti zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, bila oili zinaungua. Kwake yeye, kumpa mtu mafuta yasiyo na oili ni uchoyo. Aliilisha pikipiki yangu kilicho bora nyumbani kwake, wakati yenyewe inataka petroli tupu. Nikachomoa plagi: zimelowa, nyeusi, zinanata kama asali. Ya nne ilikuwa imepasuka kaure yake. Alijaribu kuitoa njiani kwa spana ya boti iliyopwaya.

"Cheka basi, shemeji," akasema, akinigusa bega.

Sikucheka. Nilisema maneno ambayo mtani haambiwi. Nilimwambia toka kwetu. Nilimwambia kama si dada yangu hata mbwa wasingemjua.  Mwenzake akatazama miguu yake. Yeye akanikodolea macho akingoja mwisho wa mzaha, mwisho haukuja, akaondoka.  Mama aliniwekea taa na chai, akaingia ndani.

Nikamwaga tangi, nikaosha kabureta kwa mafuta ya taa, nikachoma plagi juu ya makaa mpaka masizi yakapukutika. Tatu zikafufuka. Ya nne, dukani walikuwa nazo za boti tu, shingo fupi, hazifiki. Nikairudisha ile iliyopasuka nikaifunga gundi, nikiwa najua kabisa ni kazi bure.

Jumamosi niliisukuma mpaka getini, ikawaka. Lakini ilitetemeka. Msimamizi alilowesha kidole kwa mate, akagusa mabomba ya moshi moja moja. Chiii. Chiii. Chiii. La nne, kimya. Akaacha kidole pale pale, limepoa kama bomba la maji.

"Silinda moja imekufa. Nilisema vizuri, sikusema karibu na vizuri."

Nilitaka kueleza. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Shemeji alikuwa amenifuata kwa miguu, baada ya maneno yote yale.

"Shefe, msimlaumu. Kosa langu. Nilimtilia mafuta ya boti."

Msimamizi akageuka. "Boti? Wewe unajua mashine za boti?"

"Ndiyo chakula changu, shefe."

"Tuna boti sita za kupeleka watu kwenye meli, na kila wiki utakuta mbili zimeharibika, zimelala. Njoo ndani."

Ile nafasi moja. Lango likafunguliwa, yeye akaniangalia kama anaomba ruhusa, na dada alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na watoto wawili. Ningesema nini? Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, nenda. Kisha nikaketi mchangani karibu na gurudumu la mbele. Helikopta ikapita juu, ikanitia mchanga machoni, nikashukuru maana nilipata sababu.

Jumatatu dada akaja, anatembea ameshika kiuno. "Kambi mbali, na wewe una chombo. Mpeleke mwenzio." Nikampeleka. Nikampeleka kila asubuhi, silinda tatu mpaka plagi ilipokuja, kisha nne. Alikaa nyuma na ovaroli la rangi ya chungwa, anasalimia mji mzima, "Huyu dereva wangu! Huyu mtoto wa kazi!" Watu wanacheka. Ndiyo haki yake.

Mimi nilisimama kila siku kabla ya geti, pale mchanga ulipo mzito kuliko kote, nikazima injini.

"Shuka."

"Hapa? Na mabuti haya mapya?"

"Shuka."

Akashuka akizama mpaka kwenye vifundo, anacheka mpaka machozi, ananinyooshea kidole: "Umenipata tena leo, shemeji! Zamu yako hiyo!" Sikuwa natania.