Ukuta wa Saruji wa Baba Fredy

Valerian alikuwa na nyumba ya saruji. Runzewe nzima ililijua hilo, maana yeye mwenyewe alihakikisha linajulikana. Ukimsalimia asubuhi, kabla hujamaliza kuuliza habari za nyumbani alikuwa ameshakujibu kwamba nyumbani ni salama, saruji tupu chini mpaka juu, hakuna cha kuanguka pale. Msibani, ambako watu wenye adabu humzungumzia marehemu, yeye alizungumzia nyumba za wenzake zilizojengwa kwa udongo, na jinsi masika yatakavyozibomoa. Alikuwa mkulima wa mpunga na mahindi, msomaji wa somo la kwanza kanisani mara moja kwa mwezi, na kwa kipimo chake mwenyewe, mhandisi.

Kasoro ilikuwa moja tu. Nyumba haikuwa ya saruji.

Tusimwonee, saruji ilikuwapo. Lipu ya nje ilikuwa ya saruji, ya ndani pia, na sakafu. Lakini kati ya tofali na tofali, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, kulikuwa na udongo uliokandwa kwa miguu. Miaka kumi na tisa iliyopita, mkewe Klara akiwa kwao Ushirombo kujifungua Fredy, Valerian alichukua mifuko ya saruji ambayo Klara aliilimia karanga misimu miwili, akaibadilisha na hisa katika duara moja la machimbo ya Segese. Wachimbaji wenye shimo hilo walimwapia kwamba dhahabu iko hatua kumi tu chini. Chini kulikuwa na maji, mengi na safi. Klara aliporudi na mtoto mgongoni alikuta kuta zimesimama, zimepigwa lipu, na mumewe mlangoni akizipigapiga kwa kiganja kama mtu anayeuza ng'ombe mnadani.

"Saruji hiyo," alisema Valerian. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mwaka huu Fredy alikwenda chuo Mwanza, na chumba chake kikabaki na kitanda na panya. Klara akasema ukuta kati ya chumba hicho na sebule utoke. Zamu ya jumuiya ya kanisa kusali kwao ikifika, nusu ya waumini hukaa barazani, na wa barazani husali kwa jicho moja huku la pili likifuata pikipiki za barabarani. Akamwita fundi Amosi.

Amosi alifika Jumatano na mfuko wake wa vifaa.

"Shikamoo, Baba Fredy."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

"Nyundo na tindo."

"Rudi navyo, mwanangu. Ukuta huu ni saruji. Utaharibu vifaa vyako bure, halafu familia yako ile nini?"

"Mzee, mimi nimebomoa msingi wa ghala pale Katoro."

"Hili si ghala."

Amosi akaondoka. Klara akaweka mikono kiunoni. "Sasa nani atabomoa?"

"Mimi."

"Wewe? Kitasa cha choo kimekushinda tangu Pasaka."

"Kitasa ni kazi ya watoto. Hii ni kazi ya mwanamume."

"Haya, mwanamume. Bomoa taratibu basi. Matofali yatakayotoka mazima nitajengea jiko la nje."

"Ya kwenye saruji hayatoki mazima, Mama Fredy. Lazima yavunjike."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na kila mtu Runzewe analijua. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Valerian kusema kweli kuhusu saruji, na ndilo lililomponza.

Jumamosi, Klara alipokwenda gulioni Katoro, Valerian alijifungia chumbani kwa Fredy, akafunga komeo, akapanda juu ya meza aliyoitoa sebuleni na kuupiga ukuta nyundo ya kwanza. Aliipiga kwa nguvu zote, kama mtu anayeamini maneno yake mwenyewe. Kipande cha lipu kikadondoka, nyundo ikazama, na nusura yeye aifuate. Alipojishika vizuri alivuta tofali. Likatoka zima, safi, limejaa mkononi kama mkate wa sikukuu. La pili alilitoa bila nyundo. Chai yake ilikuwa haijapoa, na tayari mistari mitatu ya matofali ilikuwa sakafuni, yamepangwa vizuri, hayana hata mkwaruzo.

Mbomoaji mwingine yeyote angemshukuru Mungu. Valerian alikaa juu ya kitanda cha mwanawe akayatazama matofali yale kwa hofu. Klara atarudi jioni. Atayaona. Atajua.

Basi akafanya kile ambacho mtu mwenye msimamo hufanya. Alichukua tofali la kwanza, akalilaza sakafuni, akalivunja. Kisha la pili. Udongo uliomwagika aliuzoa kwenye viroba akaupeleka migombani.

"Mwangaluka, Baba Fredy!" jirani yake Mageni alimsalimia kutoka uani kwake. "Unapigana na nani humo?"

"Saruji, mama! Haitaki kutoka!"

"Pole. Ukuta wangu niliutoa kwa jembe."

"Wako ni wa udongo," alijibu Valerian kwa huruma.

Klara aliporudi alikuta rundo la vipande na mume mwekundu kwa vumbi, hoi, viganja vimetoka malengelenge. Uchovu huo haukuwa wa kuigiza. Yale matofali yalichomwa vizuri. Katika ukuta ule wote kitu kigumu kilikuwa kimoja tu, na ndicho alichokuwa akikivunja.

"Kweli ni saruji," Klara alisema, akamchemshia maji ya kuoga. Valerian alioga kwa raha.

Jumatatu aliendelea. Komeo alilifunga tena, maana alikuwa mtu makini. Jambo moja halikumpitia kichwani: kwamba kila mstari aliouondoa, ukuta ulishuka, na ukuta huo ndio uliokuwa unamficha. Kufikia saa nne ulikuwa umemfika kifuani. Klara, aliyetoka jikoni kumuuliza kama atakula ugali au viazi, alisimama sebuleni na mwiko mkononi, akamwona mumewe amechuchumaa ng'ambo, analiponda tofali zima ambalo halikuwa limegusana na kitu chochote.

"Baba Fredy."

"Naam."

"Hilo tofali limekukosea nini?"

"Nalisafisha."

Klara alisogea ukutani. Alichomeka mpini wa mwiko katikati ya matofali mawili yaliyobaki ukutani, akazungusha. Udongo ukamwagika kama unga. Akazungusha pengine. Ukamwagika tena.

"Karanga zangu," alisema polepole. "Misimu miwili. Saruji iko wapi?"

Valerian aliangalia komeo la mlango, ambalo lilikuwa limefungwa vizuri sana. "Segese."

"Inafanya nini Segese?"

"Ilikwenda kwenye duara. Likatoa maji."

Klara aliukung'uta mwiko udongo. Valerian angependa apigiwe kelele.

"Miaka kumi na tisa nimelala ndani ya udongo," Klara alisema mwishowe, "na udongo haujaniangukia. Sina ugomvi nao. Lakini haya matofali, jiko langu, umeyavunja juzi na leo, mtu mzima, na akili zako timamu. Utanifyatulia mengine. Pale kando ya barabara, watu wanapopita. Na mtu akiuliza, utamjibu ukweli."

Mchana huo Amosi aliitwa. Ukuta uliobaki aliutoa kwa mikono, tindo likiwa mfukoni, na hakusema neno hata moja. Valerian angempa jogoo aseme chochote.

Asubuhi yake alikuwa kando ya barabara, suruali imekunjwa mpaka magotini, anakanyaga tope. Mageni alipita na ndoo kichwani, akasimama. Klara alikuwa barazani akichambua mchele, masikio wazi.

"Baba Fredy! Kwani nyumba yako ilijengwa kwa kitu gani?"

Valerian alikanyaga mara mbili, mara tatu.

"Udongo," alisema.

Mageni akafungua mdomo. Lakini Valerian alikuwa ameshanyoosha mgongo na kuinua kidole.

"Ila wa kichuguu, mama. Kichuguu kitupu, chini mpaka juu. Si hizi takataka mnazojengea ninyi."