Vibahasha vya Mume Wangu

Mume wangu hubandika mimea mikavu kwenye makaratasi, katika chumba cha nyuma cha makumbusho. Vidole vyake, ambavyo nyumbani huvunja vikombe, huko huwa vyepesi kama vya mtu anayemvisha mtoto mchanga. Huinua jani kwa kibano, hubana pumzi lisipeperuke, kisha hulilaza juu ya gundi akilinong'oneza, "Taratibu, mama." Mimi huniita "wewe." Petali ikidondoka haitupi. Huikunjia kibahasha cha karatasi na kukibandika pembeni mwa mmea wake, maana kilichokuwa chake kitabaki chake.

Jana nilimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani.

"Funga mlango polepole," alisema bila kugeuka, "upepo utanivunjia huyu."

Juu ya karatasi lililala ua la zambarau, kavu, lililochumwa kabla hatujazaliwa.

"Kumbe huyu ndiye mke mwenzangu," nikasema. "Kazeeka, lakini kakuweka kiganjani."

Akacheka, akaniita nimwone vizuri. Nikainama, na unywele wangu mmoja wenye mvi ukadondokea kando ya ua. Aliuona kabla yangu. Akaushika kwa kibano kilekile, akabana pumzi vilevile, akauinua kwenye mwanga na kuutazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mwaka huu mzima. Macho yangu yakaenda kwenye vibahasha.

"Si wake," akasema, akaudondosha kwenye ndoo ya taka.