Mbuzi wa Sinema Hawana Alama

Adolphe hajui Kiingereza. Nasema mapema ili msije mkaniambia niliwaficha. Miaka tisa amesimama kando ya skrini katika banda la video la Nasike hapa Kakuma, kipaza sauti mkononi, akitafsiri filamu za Wazungu wanaouana kwa ajili ya pesa, na Kiingereza anachokijua hakizidi maneno kumi, matano kati yake matusi. Mengine anayasoma kwenye nyuso za waigizaji. Watu hutoka Kalobeyei kuja kumsikiliza.

Mimi ni Wahu. Nauza chai na mandazi mlangoni mwa banda hilo, kwa hiyo filamu zote nimezisikia na chache nimeziona.

Anazozipenda ni zile za kuchekesha zenye maiti ndani. Mtu maskini anaokota begi la pesa, anajiona mjanja, na mwisho amebaki mmoja tu hai, na begi limeungua. Adolphe anasema watu hao wote aliwajua kwa majina kwao Uvira, Kongo. Shida ilikuwa dola. Akitaja dola laki moja, Waturkana wa viti vya mbele walimtazama tu. Basi akaanza kuzigeuza mbuzi. Dola laki moja zikawa mbuzi elfu mbili, na ukumbi mzima ukaelewa kwa nini ndugu ampige ndugu yake sepeto.

Aliyeelewa kupita wote ni Nasike mwenyewe, mwenye banda, mama wa makamo anayekalia kigoda chake mbele kabisa. Kila begi likiokotwa huuliza kwa sauti, "Hiyo mbuzi iko na alama ya nani?" Kwao mbuzi ana alama ya ukoo, na ukimkuta amepotea unajua wa kumrudishia. Adolphe humjibu, "Mama, mbuzi ya sinema haina alama," watu wanacheka, filamu inaendelea.

Nasike ndiye aliyemsajilia Adolphe laini ya simu kwa kitambulisho chake, maana Adolphe alipofika kama mkimbizi hakuwa na karatasi za kutosha. Hadi leo ukimtumia pesa, jina linalotokea ni la Nasike. Tumelizoea hilo hata hatulioni tena.

Sasa, Adolphe alikuwa na hamu moja tu duniani, nayo ni projekta yake mwenyewe. Aliiona dukani Lodwar, elfu hamsini, na kila akienda Lodwar hupita kuisalimia. Angefungua banda lake Kalobeyei, na mkewe Caritas akae mlangoni kukata tiketi. Kwa anacholipwa hapa, angeipata akiwa na meno mawili.

Jumamosi moja, saa nane mchana, kwenye skrini wachimba kaburi wawili, mtu na kaka yake, walikuwa wamekuta begi ndani ya jeneza. Banda lilikuwa limejaa. Ghafla sauti ya Adolphe ikakatika, na kwa mara ya kwanza tukawasikia Wazungu wenyewe wakiongea, hakuna anayeelewa neno. Mara namwona amesimama mbele ya birika langu.

"Mama Wahu, angalia hii. Franga imeingia. Elfu makumi tano na mbili."

Nikasoma: shilingi elfu hamsini na mbili. Pesa zilitoka kwa mtu anayeitwa Lomunokol, ambaye hakuna kati yetu aliyemjua.

"Nani mwingine anajua?" nikanong'ona.

Adolphe akanitazama. "Mama, hayo maneno njo nimetoka kutafsiri sasa hivi."

Nilipaswa kuona aibu. Niliona friji. Soda baridi Kakuma ni mali, na mimi nimeuza chai ya moto kwenye joto hili miaka mingi mno. Nikamwambia azime simu, Jumatatu aende Lodwar. Akasema atanipa elfu mbili. Nikasema kumi. Akasema projekta haina huruma. Nikamkumbusha nani amesoma huo ujumbe. Tulikuwa tunatabasamu wakati wote huo, na nilimmiminia chai kwa adabu kubwa. Ndani watu walikuwa wanapiga mbao za viti wakimtaka, akaingia na kikombe chake.

Kwenye skrini kaka mkubwa alikuwa anatia unga mweupe katika chai ya mdogo wake.

"Anasema, kunywa, ndugu yangu, sukari nimekutilia mimi mwenyewe," akatafsiri Adolphe. Halafu akatazama kikombe mkononi mwake. Akanitazama mimi mlangoni. Akakiweka juu ya spika, polepole, na hakukigusa tena.

Iliniuma. Miaka tisa namuuzia chai mtu huyu. Na nilikasirika zaidi kwa sababu ni kweli nilikuwa bado naiwaza ile elfu kumi.

Hapo begi likaonekana tena, na Nasike akauliza, kama kawaida yake, "Hiyo mbuzi iko na alama ya nani?"

Watu wakasubiri jibu lao. Adolphe akasogeza kipaza sauti mdomoni, tukamsikia anavyopumua.

"Ya kwako, mama," akasema.

Wakacheka sana. Yeye akasimamisha filamu, akashuka, akampa Nasike simu. Kabla hajamaliza kueleza, simu ikalia.

"Ejok," ikasalimia kwa Kiturkana. "Naongea na Nasike?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa. Ni Lomunokol, mvuvi wa Lowarengak, yuko Lodwar kununua injini ya mashua, amekosea tarakimu ya mwisho. "Watu wananiambia huyo Nasike atazima simu."

Nasike akamgeukia Adolphe. "Iko?"

"Iko, mama. Yote."

"Nasike hawezi zima simu," akamwambia yule mvuvi, na pesa zikarudi palepale. Ada ya kutuma ilitoka kwenye salio la Adolphe, na alilalamika kuhusu ada hiyo wiki nzima.

Kisha gunia la samaki wakavu likaja kwa basi kutoka kwa yule mvuvi, limeandikwa jina la Nasike kwa herufi kubwa. Adolphe alilibeba yeye kutoka stendi hadi bandani, akisoma jina hilo njia nzima. Nasike akatoa samaki wake wachache, akanipa mimi wawili. Kisha akaokota kipande cha mkaa jikoni kwangu, akachora juu ya gunia alama ya ukoo wake, ile iliyo kwenye mbuzi wake wote, akalisukuma kwa Adolphe.

"Mtu akiuliza, wewe ni wa hapa," akasema.

Samaki waliisha zamani, lakini gunia limetundikwa ukutani kando ya skrini na Adolphe hataki lifuliwe. Projekta bado anaisalimia Lodwar, na sijamwona na furaha kama aliyo nayo sasa.

Chai yangu ameirudia. Kikombe cha kwanza baada ya siku ile aliniomba nionje mimi kwanza, nami nikaonja.